Kabla ya Kufika kwa Rabi: Kisa cha Mwalimu Aliyetaka Kuingia Uyahudi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha Kenya, cha miaka ya karibuni. Neema si jina lake. Mji, kabila, kazi za ndugu zake na mpangilio wa baadhi ya matukio vimeondolewa au kubadilishwa, naye mwenyewe ameusoma mswada na kuuridhia. Mimi si rabi. Nafundisha watu wazima wanaotaka kuujua Uyahudi, na jambo likinizidi namuuliza rabi ambaye hakai katika mji wetu. Ninaowaandikia ni watu wa kazi kama yangu: walimu wa jamii ndogo, washauri wa vyuoni, hata wachungaji ambao muumini wao amewajia akinong'ona kwamba anataka kuwa Myahudi.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji aupime anavyosoma. Wengi wetu, mtu akija, tunaanza na imani yake: anaamini nini, amekana nini. Mimi naanza na ujirani. Sabato utaishika na nani, na kutoka mlangoni kwako hadi kwao ni mwendo gani? Ruthu, ambaye kila anayetaka kuingia Uyahudi hutajiwa habari zake, alimwambia mkwewe "watu wako watakuwa watu wangu" kabla hajamtaja Mungu.

Usuli

Neema alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwalimu wa shule ya upili, mama wa mvulana wa miaka tisa. Baba wa mtoto hakuwapo. Waliomsaidia kulea ni wazazi wake na kaka yake mkubwa. Baba yake ni mzee wa kanisa, mtu anayesimama madhabahuni akitoa matangazo kila Jumapili.

Chuoni Neema alihama kanisa la wazazi akaingia la Kimesiya. Makanisa ya namna hii ni mengi katika nyanda za juu za Kenya. Wanashika Jumamosi, wanapiga baragumu ya pembe, wanaume wanajifunika shali za sala zenye vishada, na Yesu anaitwa Yeshua. Mtu wa nje akiwaona hudhani ni Wayahudi, lakini sivyo. Waothodoksi, Wakonsavativu na watu wa Mageuzi, ambao ni madhehebu makubwa ya Wayahudi, wanagombana juu ya mambo chungu nzima, ila hapo hawatofautiani: anayemkiri Yesu kuwa Masihi yuko ndani ya Ukristo, avae atakavyovaa. Hata hivyo hiyo ndiyo njia ambayo wengi wa eneo letu hupitia, na mshauri anayeicheka njia hiyo amekwisha kumpoteza mtu kabla hajaketi.

Ipo pia njia nyingine inayojulikana zaidi, ya Waabayudaya wa Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, alijitahiri yeye na wanawe mwaka 1919 kwa sababu ya kuisoma Torati, na wafuasi wake wakadumu hata Idi Amin alipoupiga marufuku Uyahudi miaka ya 1970. Mwaka 2002 marabi wa Kikonsavativu walifika wakawaingiza mamia kwa utaratibu kamili, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mtoto wa jamii hiyo, akapewa urabi Marekani na kurudi kuwaongoza. Neema alikuwa amesoma habari zao zote na alizijua kuliko mimi.

Alipokuja alikuwa tayari amefanya mambo mawili. Alikuwa amemlipa mtu wa mtandaoni aliyemtumia cheti chenye nyota ya Daudi kikisema kwamba tangu siku ile yeye ni Myahudi. Na alikuwa ameondoka kanisani kwa kishindo, kwa ujumbe mrefu katika kundi la WhatsApp la waumini, wenye aya za kuwathibitishia kwamba wao wanaabudu mtu. Aya kuu ilikuwa Hesabu 23:19, "Mungu si mtu, aseme uongo." Ujumbe ule ulifika kwa mama yake kabla ya jioni. Ulifika pia kwa wanawake wa chama chake cha akiba, ambao karibu wote ni wa kanisa lile.

Alivyopokewa

Kuna desturi ya kumkatalia mtu mara tatu kabla ya kumsikiliza. Walimu wengine huifuata kama mchezo wa kuigiza: wanamfukuza wakijua atarudi. Mtu ambaye kanisa limekwisha kumtenga, na ambaye mama yake hapokei simu zake, sikuona sababu ya kumwigizia. Nilichukua badala yake utaratibu ulioandikwa katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya marabi, kitabu cha Yevamot. Anayekuja huulizwa: umeona nini hata ukaja? Hujui kwamba Israeli siku hizi ni watu wanaoonewa na kusukumwasukumwa? Akisema najua, na sistahili, anapokewa. Kisha anafundishwa baadhi ya amri nyepesi na baadhi ya nzito, wala asilemewe kwa mengi.

Swali la kwanza alilijibu kwa aya, kama mtu aliyejiandaa kwa mtihani. Nililirudia wiki zilizofuata. Jibu lililonifaa lilitoka siku tuliyokuwa tukizungumza habari za chakula. Alisema Ijumaa jioni huwasha mishumaa miwili, anasoma baraka kwenye simu, halafu anakaa kimya. "Mwalimu, nikimaliza hakuna wa kusema Amina. Mtoto ananitazama tu."

Nilimuuliza pia swali ambalo huniudhi kuliuliza: je, unatafuta pasipoti ya Israel? Mwafrika huulizwa hivyo upesi kuliko mtu wa bara lingine, na ni haki yake kukasirika. Lakini baraza litakaloamua kama aingie litauliza, na ubalozi ukiombwa viza utauliza, na ni heri alikasirikie kwangu kwanza. Alikasirika. Baadaye akasema ukweli, kwamba miaka ya kwanza aliota kuhamia Israel, na ndoto hiyo ilififia alipojua gharama ya kumwacha mtoto na wazazi.

Kuhusu cheti, tulikisoma pamoja mstari kwa mstari. Kuingia Uyahudi kunahitaji baraza la watu watatu, ambalo kwa Kiebrania huitwa beit din. Kunahitaji mtu azikubali amri mbele yao. Kunahitaji kuzama mwili mzima katika mikve, yaani maji ya mvua au ya chemchemi yaliyokusanyika, au mto usiokauka, au bahari. Na kwa mwanamume tohara, au akiwa ametahiriwa tayari, tone la damu. Cheti kilikuwa na sahihi moja. Maji hayakutajwa. Sikumwambia ametapeliwa, alikaa na karatasi ile mkononi akasema mwenyewe.

Miezi ya mwanzo: maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kunyamaza. Hakuna ujumbe mwingine wa WhatsApp, hakuna jina la Kiebrania hadharani, hakuna kubishana na mchungaji wa zamani. Arudi kwenye chama cha akina mama kama mwanachama, atoe mchango wake, anywe chai. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Huenda angefika mwisho akaamua kutoingia, na mtu aliyechoma kila daraja hana uhuru wa kuamua hivyo. Ataingia kwa sababu hana pa kurudi. Hilo silo kukubali amri.

Uamuzi wa pili ulihusu chakula. Alikuwa ameanza kukataa kula kwa mama yake kwa hoja ya sufuria zilizopikiwa nguruwe. Kwa sheria alikuwa bado hajafungwa na lolote. Tulipanga kwamba nyumbani kwake ajifunze: nyama na maziwa vitengane, kambare atoke, sato abaki kwa kuwa ana mapezi na magamba, nyama aile tu akifika kwenye jamii iliyo na mchinjaji aliyefundishwa. Kwa mama yake ale githeri, viazi na mboga bila kuuliza habari za chombo. Kumheshimu baba na mama kumo katika Amri Kumi, na haieleweki mtu aanze safari ya Torati kwa kumtukana mpishi aliyemlea.

Uamuzi wa tatu uliwashangaza wenzangu. Nilimwambia asiishike Sabato kikamilifu. Talmudi, katika Sanhedrin, inamkataza asiye Myahudi kuishika kama Myahudi, na walimu wengi huwaelekeza wanafunzi wao wavunje jambo moja dogo kila wiki: kuwasha taa, kuandika mstari. Neema alizoea kuandika tarehe daftarini mwake baada ya jua kuzama. Kwetu karibu na ikweta jua halisogei sana, mwaka mzima Sabato huingia saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa hiyo mazoea yalikuwa rahisi kushika. Kuvunja ndiko kulikomuuma, na maumivu yale yalinipa habari nzuri kumhusu.

Jambo zito lilikuwa Yesu. Neema alisema amekwisha kumwacha, na kwa hoja alikuwa amemwacha. Kisha usiku mmoja mtoto alipandwa na homa ya malaria, wakiwa njiani kwenda hospitali kwa bodaboda, na jina lililomtoka mdomoni lilikuwa lile alilofundishwa na mama yake. Alinisimulia kwa aibu kama mwizi anayekiri. Kuna walimu ambao wangemwambia hajawa tayari, arudi mwaka ujao, na wengine wangempa orodha ya hoja za kubomoa Agano Jipya. Nadhani wote wangekosea. Hoja alikuwa nazo nyingi. Alichokosa ni maneno ya kusema akiwa na hofu. Tuliacha masomo ya mabishano kwa muda tukakaa na Zaburi, kwa Kiswahili, ile ya 121 hasa: "Nitayainua macho yangu niitazame milima." Aliijua tangu utotoni, haikuwa mali ya kanisa wala ya sinagogi peke yake, na aliisema kila usiku pamoja na Shema, yaani "Sikia, Ee Israeli", kabla ya kulala. Mchungaji wake wa zamani hatukumsema vibaya hata mara moja. Ilichukua karibu mwaka kabla hajaniambia kwamba alipata hofu nyingine, kubwa, na kilichomtoka kilikuwa zaburi.

Wakati huohuo tulikuwa tunatafuta ujirani. Jamii ndogo ya Wayahudi Waafrika ilikuwa saa kadhaa kwa matatu kutoka kwake. Tulikubaliana aende Ijumaa moja kila mwezi, alale kwa familia mojawapo, arudi Jumapili. Sinagogi la mjini alilijaribu kwanza peke yake bila kuniambia. Alifika langoni na mkoba mkubwa, bila barua, akapiga picha ya ukuta, na walinzi wakamhoji hadi ibada ikaisha. Aliona amekataliwa kwa rangi yake. Inawezekana mtu mmoja alimtazama hivyo, sikuwapo. Ila nilimkumbusha Hoteli ya Norfolk iliyolipuliwa Nairobi tarehe 31 Desemba 1980, mali ya familia ya Kiyahudi, na Kikambala tarehe 28 Novemba 2002, siku ambayo hoteli ya Waisraeli ililipuliwa na makombora yakarushwa kwa ndege yao iliyokuwa ikiondoka Mombasa. Lango la sinagogi la Afrika Mashariki lina kumbukumbu hizo. Anayetaka kuingia aandike barua mapema, aje na kitambulisho, aache simu mfukoni.

Mazishi ya Jumamosi

Mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha nyanya yake alifariki. Mazishi yakapangwa Jumamosi, kama ilivyo kawaida Kenya, watu wa mjini wapate kusafiri. Kundi la mtandaoni alilokuwa akisoma nalo lilimwambia asiende: ni Sabato, na kutakuwa na sala za kikristo kaburini. Alinipigia Alhamisi usiku akiwa amekwisha kuamua kutokwenda, anataka tu nimpongeze.

Nilimwambia aende, na aende mapema.

Kwanza, si Myahudi bado, na Sabato haimfungi. Kuitumia kama kisingizio ni kuvaa nguo isiyo yake. Pili, hata angekuwa ameingia, kuna sheria iliyoandikwa na Rabi Musa bin Maimuni, aliyekufa mwaka 1204, kwamba aliyeongoka haruhusiwi kumdharau wala kumdhalilisha baba yake asiye Myahudi, watu wasije wakasema ametoka kwenye utakatifu mkubwa akaingia mdogo. Sheria hiyo inataja mzazi, nami nilimsomea nikimfikiria mama yake aliyefiwa na mamaye. Tatu, na hili halimo kitabuni, shangazi zake walikuwa wameambiwa kwamba ameingia dini ya kishetani. Kukosekana kwake kungekuwa ushahidi.

Alikwenda Ijumaa asubuhi. Alimenya viazi usiku kucha na wanawake wa boma. Kwenye ibada walimwita asome, kwa kuwa yeye ndiye mjukuu msomi, na akachagua Zaburi ya 90. Walipoomba kwa jina la Yesu alisimama kimya kwa adabu. Mama yake alikuwa karibu naye na hakusema kitu, lakini simu zilianza kupokelewa tangu wiki ile.

Baadaye tulilizungumza upya, kwa kuwa ruhusa niliyompa ilikuwa ya muda. Akishaingia, mazishi ya Jumamosi yatakuwa jambo jingine: hatapanda gari, hatapika, hatashika koleo. Atalazimika kufika kijijini kabla ya jua la Ijumaa kuzama na kwenda kaburini kwa miguu, na mengine amuulize rabi wake. Nilimtaka alione hilo wazi. Watu hufikiria Uyahudi utawadai nguruwe na kamba wa baharini. Katika nchi hii utawadai Jumamosi, ambayo ni siku ya mazishi, ya ruracio, yaani kupeleka mahari, ya michango na ya masomo ya ziada shuleni.

Mtoto na tohara

Hapa ndipo kisa kilipokuwa kigumu, na ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi kuuliza wanaojua kuliko mimi.

Kwa sheria ya Kiyahudi mtoto aliyezaliwa kabla mama hajaingia hafuati hali mpya ya mama. Anaweza kuingizwa pamoja naye kwa uamuzi wa baraza, na akifika utu uzima, miaka 13 kwa mvulana, ana haki ya kukataa. Hiyo imo katika Ketubot, kitabu kingine cha Talmudi. Neema alitaka waingie pamoja. Alikuwa amekwisha kuuliza bei ya kumtahiri mtoto hospitalini likizo ya Agosti.

Katika ukoo wake mvulana hutahiriwa akikaribia kumaliza shule ya msingi, likizo ya Desemba, pamoja na binamu zake, na mjomba ndiye anayemsimamia. Wiki mbili anazokaa akiuguza ndizo anazofundishwa yeye ni nani na shamba la babu linaishia wapi. Kumtahiri kimyakimya mwaka mmoja au miwili kabla, kwa dini ambayo hakuna anayeijua, kungesomeka kama kumwiba.

Nilipendekeza tumwite kaka yake mkubwa kabla ya jambo lolote. Neema hakutaka. Alisema mtoto ni wake na sheria ya nchi inampa haki, na kwa hilo alikuwa sahihi. Tulikaa wiki kadhaa katika mvutano huo. Kilichomgeuza ni swali la rabi kwa simu: mtoto akiugua, nani atamshika mkono, baraza au mjomba?

Kaka mtu alikuja, akasikiliza kwa utulivu kuliko nilivyotarajia. Alisema maneno ambayo Neema ameniruhusu kuyanukuu: "Dada yangu ni mtu mzima, aende anakokwenda. Huyu kijana atatahiriwa na wenzake." Tukaamua mtoto asiguswe. Atahiriwe na binamu zake wakati wake ukifika, bila sala itakayomfunga katika dini yoyote, jambo ambalo mjomba alilikubali. Akiwa mkubwa akitaka kuingia Uyahudi, kwake litabaki tone la damu, maji, na mdomo wake mwenyewe kusema ndiyo.

Uamuzi huu una gharama, na si kila rabi angeukubali. Yako mabaraza yanayositasita kumwingiza mzazi na kumwacha mtoto nje, nyumba ikawa nusu hivi nusu vile. Mvulana huyu anakaa mezani Ijumaa, anajua baraka ya mkate kwa moyo, na siku ya miaka 13 hataitwa kusoma Torati sinagogini. Nimepima na bado naona ilikuwa sawa. Kuna wenzangu watatu ninaowaheshimu wanaoona kinyume.

Baraza gani?

Swali hili walimu wengi hulificha hadi mwisho, na mwanafunzi akaja kugundua kwa uchungu kwamba cheti chake kinapokelewa hapa na kukataliwa pale. Nililiweka mezani mwaka wa pili ulipoanza.

Njia ya Kiothodoksi ingemtaka ahamie karibu na sinagogi la Kiothodoksi, kwa mwendo wa miguu, aishi nao miaka, na huenda asafiri nje kwa ajili ya baraza lenyewe. Kwa mshahara wa mwalimu na mtoto wa shule, hiyo ilikuwa karibu kufunga mlango. Njia ya Kikonsavativu ilikuwa wazi kupitia marabi wanaofanya kazi na jamii za Afrika Mashariki. Bei yake ni kwamba Waothodoksi hawatamhesabu Myahudi, na nchini Israel ndoa za Wayahudi ziko mikononi mwa marabi wakuu wa Kiothodoksi. Kuhusu uhamiaji, Sheria ya Kurejea ya 1950, baada ya marekebisho ya 1970, inamtaja aliyeongoka, na Mahakama Kuu ya Israel mwaka 2021 ilikubali kwa ajili ya uraia watu walioingizwa nchini humo na Wakonsavativu na Mageuzi. Lakini Waabayudaya, ambao Wakala wa Kiyahudi, shirika linaloshughulikia uhamiaji wa Wayahudi kwenda Israel, uliwatambua mwaka 2016, wameendelea kuvutana na wizara ya mambo ya ndani ya huko. Neema alisikiliza yote akasema anachotafuta ni mtu wa kusema Amina, na hao Amina yao iko umbali wa matatu moja.

Nilimpa pia nafasi ya tatu, kwa uaminifu wote: abaki kama alivyo, ashike amri saba ambazo Uyahudi unasema zinawahusu wanadamu wote tangu Nuhu, apendwe na jamii kama rafiki, asidaiwe chochote. Uyahudi haumwambii asiye Myahudi kwamba ataangamia. Alilifikiria mwezi mzima, na katika mwezi huo hakuja darasani. Nilidhani amekwenda.

Matokeo

Alirudi. Aliomba uhamisho wa kazi, akapata shule iliyo karibu na ile jamii, ambapo anaweza kwenda kwa miguu Sabato. Mkuu wa shule alikubali kumwondoa kwenye zamu za Jumamosi kwa sharti kwamba achukue za Jumapili, na walimu wenzake wakafurahi. Baraza lilikaa naye mara ya kwanza likamwambia asubiri, apitishe mzunguko mzima wa sikukuu akiwa mkazi na sio mgeni. Alisubiri. Mara ya pili alikubaliwa, akazama, akatoka na jina la binti wa Abrahamu na Sara.

Mtoto alitahiriwa na binamu zake. Mama yake Neema ametenga sufuria moja ambayo haipikiwi nyama, na hakuombwa. Baba yake hajazungumza naye juu ya jambo hili, ingawa wanazungumza mengine yote. Kwenye chama cha akina mama bado yumo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni ratiba ya Ijumaa moja kila mwezi. Masomo yangu yangeweza kutolewa na mwalimu mwingine yeyote, pengine vizuri zaidi. Lakini kulala kwenye nyumba ya Wayahudi wenye watoto watukutu, deni la duka na ugomvi wa nani aongoze sala kulimwondolea picha ya Uyahudi wa mtandaoni, ambao hauna kikohozi wala kodi ya nyumba. Aliona pia siku walipokosa watu kumi wa minyani, idadi inayohitajika kwa sala za pamoja, na sala zikafupishwa. Alipoamua, aliwajua watu aliowachagua.

Mazishi yalifanya kazi kwa sababu hoja ya sheria na hoja ya familia zilielekea upande mmoja. Haiwi hivyo daima. Mshauri atakayechukua kisa hiki kama kanuni kwamba familia hutangulia atajikwaa, kwa mfano, mzazi akidai binti ashiriki meza ya Bwana ili kumridhisha.

Masomo ya kundi la mtandaoni yalishindwa, na sio kwa sababu ya ujinga wa walimu. Walikuwa wanafundisha kwa saa za Marekani, usiku wa manane kwetu, kwa mifano ya mji wenye duka la nyama halali ya Kiyahudi na mikve mtaa wa pili. Jibu la "usiende mazishini" pengine lingefaa kwa mtu wa huko ambaye mazishi kwake huchukua muda wa saa moja tu alasiri. Halikufaa kwa boma.

Kuhusu mtoto, mazungumzo na mjomba yalikuja yakiwa yamechelewa, Neema akiwa amekwisha kujenga moyoni picha ya wao wawili mbele ya baraza. Penye mtoto chini ya miaka 13, ndugu wanaomlea waingie kwenye mpango tangu miezi ya kwanza, hata kabla ya mwanafunzi kujifunza herufi za Kiebrania.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja, si mimi, si rabi, si baraza, hadi Neema alipoliuliza baada ya mikve: atazikwa wapi? Myahudi huzikwa upesi, kwa sanda nyeupe, kati ya Wayahudi. Ukoo wake huzika kwenye shamba la familia. Kenya hili si suala la faragha. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo wa Umira Kager haki ya kumzika wakili S.M. Otieno, dhidi ya mjane wake aliyesema marehemu alitaka kuzikwa kwingine. Matakwa ya aliyekufa hayakutosha. Neema ameandika maelezo yake, yameshuhudiwa na watu wawili, na nakala moja iko kwa katibu wa jamii. Nyingine alimpelekea kaka yake, ambaye ameisoma mara mbili na hajaitia sahihi.